Nguvu ya malkia ilionekana siku ndoa ilipokwisha: Eleanor wa Aquitaine, wajukuu zake, na malkia aliyekataa kuondoka

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika mijadala yetu ya historia ya Ulaya ya Zama za Kati nimeona malkia wakitajwa kwa sentensi moja tu: mfalme fulani alimwoa binti wa fulani, wakapata watoto kadhaa, kisha mazungumzo yanarudi kwenye vita. Anayesoma hivyo hubaki akidhani kwamba mabinti hao walikuwa mali ya kubadilishana kati ya baba na mkwe, wasio na kauli yoyote baada ya hapo. Sikatai kwamba walibadilishwa, na wengi walichumbiwa wakiwa bado watoto wadogo. Ninachotetea ni kwamba siku ya harusi si mahali pa kupimia nguvu ya malkia. Nguvu yake ilionekana siku ndoa ilipokwisha, ama kwa kifo cha mume, ama kwa Kanisa kuibatilisha, ama kwa mume kumfukuza, kwa sababu siku hiyo ndipo kila mtu alipoona ameshika nini mkononi mwake mwenyewe.

Ili tusitawanyike, nitashikilia ukoo mmoja: Eleanor wa Aquitaine, na wajukuu zake wawili waliozaliwa na binti yake, malkia wa Castilla, ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo. Wajukuu hao ni Berenguela na Blanca, ambaye Wafaransa humwita Blanche.

Kwanza tuliweke sawa neno moja. Sisi tukisema mahari tunafikiria mali inayotoka upande wa mwanamume. Katika Ulaya ya karne ya 12 mali ilitoka pande zote mbili. Familia ya binti ilimpa fungu la kwenda nalo, likiwa fedha, ngome au mashamba. Naye mume alimtengea mke sehemu ya ardhi yake ambayo angeishi kwayo endapo angebaki mjane, na Uingereza kawaida ya sehemu hiyo ilikuwa theluthi moja. Juu ya hayo, binti asiye na kaka aliweza kurithi nchi nzima ya baba yake. Nchi hiyo mume aliitawala kwa jina la mke na kwa ajili ya watoto watakaozaliwa, lakini haikugeuka kuwa ya ukoo wa mume. Msomaji asiyeshika tofauti hiyo hawezi kumwelewa Eleanor hata kidogo.

Baba yake, Guillaume X, mtawala wa Aquitaine, alifariki mwezi Aprili 1137 akiwa katika hija ya Santiago de Compostela. Hakuacha mtoto wa kiume. Eleanor, aliyekuwa na umri wa miaka 13 au 15, akawa mrithi wa nchi iliyoenea kutoka kusini mwa mto Loire hadi milima ya Pirenei, nchi kubwa na tajiri kuliko eneo ambalo mfalme wa Ufaransa mwenyewe alilisimamia moja kwa moja kuzunguka Paris na Orléans. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo aliozwa kwa Louis, mwana wa mfalme, mjini Bordeaux. Siku saba baadaye mfalme mzee akafa, na binti yule akawa malkia wa Ufaransa kabla hajafika Paris.

Ndoa hiyo ilidumu miaka 15. Walikwenda pamoja katika Vita vya Pili vya Msalaba, wakagombana vikali mjini Antiokia, na Papa Eugenius III akajaribu kuwapatanisha walipokuwa njiani kurudi. Walipata mabinti wawili na hawakupata mwana, na kwa mfalme aliyetaka mrithi hilo lilikuwa jambo zito. Hatimaye, tarehe 21 Machi 1152, maaskofu waliokutana Beaugency walitangaza kwamba ndoa ilikuwa batili kwa sababu wawili hao walikuwa na undugu wa damu ndani ya vizazi vilivyokatazwa.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu sheria hiyo ya undugu ndiyo ufunguo wa siasa zote za ndoa za wakati ule. Kanisa lilikataza ndoa kati ya watu waliochangia babu hadi kizazi cha saba, na Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ndio uliopunguza vizazi hivyo hadi vinne mwaka 1215. Koo za kifalme zilikuwa chache na zimeoana kwa karne nyingi, kiasi kwamba karibu kila ndoa ya kifalme iliyofungwa ilikuwa na kasoro hiyo tangu mwanzo. Kila mtu aliijua, na kila mtu aliinyamazia hadi siku ilipohitajika. Talaka haikuwapo, lakini ndoa ilikuwa na mlango wa nyuma, na swali lilikuwa tu nani ataufungua na nani atatoka akiwa na nini.

Eleanor alitoka na Aquitaine. Mabinti zake, Marie na Alix, walibaki kwa baba yao, na sidhani kwamba tunapaswa kulipita jambo hilo haraka kwa sababu tu tunazungumza siasa. Lakini ardhi ilirudi naye. Wanahistoria wa zama zile wanaandika kwamba alipokuwa njiani kwenda Poitiers mabwana wawili walijaribu kumteka ili wamwoe kwa nguvu, mmoja wao akiwa Geoffrey, mdogo wake Henry wa Anjou. Mwanamke mwenye nchi na asiye na mume alikuwa windo. Wiki nane tu baada ya Beaugency, tarehe 18 Mei 1152, Eleanor aliolewa Poitiers na huyo Henry mwenyewe, kijana wa miaka 19, ambaye alikuwa na undugu naye wa karibu zaidi kuliko aliokuwa nao na Louis. Mwaka 1154 Henry akawa mfalme wa Uingereza, na nusu ya magharibi ya Ufaransa ikawa chini ya mpinzani wa mfalme wa Ufaransa. Vita vilivyofuata kati ya falme hizo mbili kwa vizazi vingi vilikuwa na mzizi wake katika miezi hiyo miwili.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi huu, ila naomba nikupinge kwa heshima. Umemchagua mwanamke aliyerithi nchi nzima. Ni malkia wangapi waliokuwa na bahati hiyo? Wengi walikuja na sanduku la fedha na wahudumu wachache, na wahudumu wenyewe wakarudishwa kwao baada ya muda mfupi. Tena huyo Eleanor unayemsifu, mume wake alimfunga kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Mtu anayeweza kufungwa na mumewe muda wote huo tutasemaje kwamba alikuwa na nguvu za kisiasa? Naona ni nguvu ya ardhi, na mwanamke alikuwa karatasi ya hati tu.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na siwezi kuiruka. Nianze na kifungo. Mwaka 1173 wana watatu wa Henry waliasi dhidi ya baba yao, na Eleanor alikuwa upande wao. Alikamatwa akijaribu kufika kwa mfalme wa Ufaransa, na mwandishi mmoja wa wakati huo anasema alikuwa amevaa mavazi ya kiume. Tangu hapo aliwekwa chini ya ulinzi hadi Henry alipokufa tarehe 6 Julai 1189. Lakini tazama jambo ambalo Henry hakulifanya: hakutoka kupitia ule mlango wa nyuma. Undugu wa damu ulikuwapo na ulikuwa wazi kuliko wa ndoa ya kwanza. Kwa maoni yangu sababu ni moja tu, kwamba kumwacha Eleanor kulikuwa sawa na kumkabidhi Aquitaine mara ya pili, naye Henry aliona kwa macho yake yaliyompata Louis. Ndiyo maana kifungo kikawa kirefu. Mwanamke ambaye hangeweza kumdhuru angeachwa, au angepelekwa kwenye nyumba ya watawa na kusahauliwa.

Na alipotoka, alitoka akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60 na kuanza sehemu ya maisha yake yenye madaraka makubwa kuliko zote. Richard, mwanawe, alikuwa bado hajavuka bahari kuja Uingereza, na mama ndiye aliyezunguka nchini akiwafungua wafungwa na kupokea viapo vya utii kwa niaba yake. Richard alipotekwa mwezi Desemba 1192 akirudi kutoka Vita vya Msalaba, fidia iliyotakiwa na Kaisari Henry VI wa Ujerumani ilikuwa marki 150,000 za fedha. Eleanor alisimamia ukusanyaji wake, akapambana na njama za mwanawe mdogo John aliyetaka kaka yake abaki huko huko, kisha akasafiri mwenyewe hadi Mainz, ambako Richard aliachiliwa tarehe 4 Februari 1194. Richard alipokufa mwaka 1199, mama huyo alikwenda Tours akamwapia utii mfalme Philippe II wa Ufaransa kwa ajili ya Poitou, sehemu ya nchi yake ya Aquitaine, kwa jina lake mwenyewe. Kwa hatua hiyo moja ya kisheria aliizuia nchi yake isiingizwe katika ugomvi wa urithi kati ya mwanawe John na mjukuu wake Arthur, maana mwenye nchi alikuwa hai na ameshakwisha kuapa. Hati haijiapishi yenyewe, ndugu yangu. Aliyejua lini aitumie alikuwa yeye.

Sasa nije kwenye swali lako la malkia wasio na nchi, ambalo ndilo lililonifanya niwataje wajukuu.

Berenguela alikuwa binti mkubwa wa mfalme Alfonso VIII wa Castilla. Mwaka 1197 aliolewa na Alfonso IX wa León ili falme hizo mbili jirani zipate amani. Walikuwa ndugu wa karibu, na Papa Innocent III hakutaka kusikia utetezi wowote. Mwaka 1204 ndoa ilivunjwa, naye akarudi kwa baba yake Castilla. Hakurudi na nchi. Alichokipigania kikapatikana ni kwamba watoto wake watambuliwe kuwa halali licha ya ndoa yao kubatilishwa, na mmoja wao aliitwa Fernando.

Baba yake alifariki mwaka 1214, na mama yake, binti yule wa Eleanor, akamfuata baada ya wiki chache. Kiti cha Castilla kikaenda kwa mdogo wake Berenguela, Enrique I, mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1217 kijana huyo alikuwa akicheza na wenzake mjini Palencia, kigae cha paa kikamwangukia kichwani, akafa. Berenguela ndiye aliyekuwa mrithi. Aliyetangulia kupata habari alikuwa na nafasi, naye alifanya jambo la kwanza kabla Alfonso IX hajajua kilichotokea: alituma watu León wamlete Fernando kutoka kwa baba yake. Kisha mjini Valladolid akakubaliwa kuwa malkia wa Castilla, na palepale akamkabidhi mwanawe ufalme. Wapo wanaosoma tukio hilo kama udhaifu, kwamba mwanamke alipewa taji akaliogopa. Mimi naliona kama hesabu ya mtu aliyejua kwamba mabwana wa Castilla wangemtafutia mume, na kwamba mume huyo ndiye angetawala. Alimpa mwanawe taji na yeye akabaki na kauli. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, hadi kifo chake mwaka 1246, Fernando alipokuwa vitani kusini, mama ndiye aliyeishika nchi.

Kilele chake, kwangu mimi, ni mwaka 1230. Alfonso IX alikufa akiwa ameacha wosia kwamba León iende kwa mabinti zake wawili, Sancha na Dulce, aliowazaa na mke wake wa kwanza, Teresa wa Ureno. Ndoa hiyo ya kwanza nayo ilikuwa imebatilishwa na Kanisa kwa sababu ileile ya undugu. Vita vilikuwa mlangoni. Basi waliokutana kuzungumza walikuwa akina mama hao wawili, Teresa na Berenguela, wanawake walioachanishwa na mume mmoja kwa sheria moja, ambao kwa lugha yetu tungesita kidogo tu kabla ya kuwaita wake wenza. Walikubaliana kwamba mabinti waache madai yao na walipwe maravedi 30,000 kila mwaka, na mapatano yakatiwa muhuri Benavente mwezi Desemba. Castilla na León ziliungana chini ya Fernando III na hazikutengana tena. Muungano ambao ndoa ya mwaka 1197 ilishindwa kuuleta uliletwa na wanawake wawili ambao ndoa zao zilivunjwa.

Blanche naye alikwenda upande mwingine wa milima. Katika majira ya baridi ya mwaka 1200 Eleanor, akiwa na zaidi ya miaka 75, alivuka Pirenei kwenda Castilla kumchagua mmoja wa wajukuu zake aolewe na Louis, mwana wa Philippe II, ili kutia muhuri amani kati ya John na Ufaransa. Alimchagua Blanche, mtoto wa miaka 12. Harusi ilifungwa tarehe 23 Mei huko Port-Mort, upande wa Normandia, katika ardhi ya John, kwa sababu Papa alikuwa amezuia ibada katika nchi ya mfalme wa Ufaransa. Sababu ya zuio hilo inahusu malkia mwingine, na natumaini kuna mchangiaji atakayemleta hapa.

Mume huyo, Louis VIII, alitawala miaka mitatu tu akafa tarehe 8 Novemba 1226, akimwacha mrithi wa miaka 12, Louis IX. Askofu mkuu wa Sens pamoja na maaskofu wa Chartres na Beauvais walitoa hati kwamba mfalme, akiwa kitandani, aliuweka ufalme na watoto chini ya uangalizi wa Blanche. Ndani ya wiki tatu alikuwa amekwisha kumpeleka mwanawe Reims kupakwa mafuta, yaani kutawazwa, kwa sababu alijua kwamba mfalme aliyepakwa mafuta ni mgumu kumpinga kuliko mtoto aliyefiwa. Mabwana wakubwa waliona nafasi: mtoto kitini, na mama ni mgeni kutoka Hispania. Mwaka uliofuata walikusudia kumkamata mfalme mdogo njiani. Yeye na mama yake wakajifungia Montlhéry, na wakazi wa Paris wakatoka na silaha kuwasindikiza hadi mjini. Blanche aliwagawanya wapinzani wake mmoja mmoja, mwingine kwa mapatano, mwingine kwa jeshi, na katika baridi ya mwaka 1229 alikuwapo mwenyewe kwenye kuzingirwa kwa Bellême.

Mwaka huohuo alifunga mkataba na Raymond VII wa Toulouse baada ya vita vya miaka 20 kusini mwa Ufaransa. Sharti lake lilikuwa ndoa: binti pekee wa Raymond, Jeanne, ataolewa na Alphonse, mwana wa Blanche, na nchi itakwenda kwao. Wawili hao walifariki mwaka 1271 bila mtoto, na Toulouse ikaingia katika mali ya taji. Mtu aliyeletwa Ufaransa kama sharti la mkataba akiwa na miaka 12 ndiye aliyeandika mkataba wa namna ileile kwa binti wa mwingine, na Jeanne alikuwa na miaka tisa hivi. Napenda kumheshimu Blanche, na ninamheshimu, lakini jambo hilo sitalificha.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo kwa wakubwa waliopo humu, na asante kwa somo. Naomba kuongeza kuhusu mkwe wa Blanche, kwa sababu hapo ndipo ninapoona nguvu ya malkia mmoja ikimnyima mwingine nafasi. Louis IX alimwoa Marguerite wa Provence mwaka 1234. Jean de Joinville, aliyekuwa karibu na mfalme huyo, anasimulia kwamba Blanche hakupenda kuwaona wanandoa hao pamoja mchana. Kule Pontoise chumba cha mume kilikuwa juu na cha mke chini, nao walikuwa wakikutana kwenye ngazi iliyounganisha vyumba hivyo. Watumishi walipomwona mama mkwe anakuja walipiga mlango kwa fimbo, na kila mmoja akakimbilia kwake. Je, Marguerite alikuwa malkia wa nini wakati mama wa mfalme yupo?

Mleta mada

Dada yangu, umeuliza vizuri. Marguerite hakuwa na ardhi ya kumtegemeza. Provence ya baba yake ilikwenda kwa mdogo wake wa mwisho, Beatrice, ingawa mabinti wote wanne wa nyumba ile walikuja kuwa malkia. Na mama mkwe alikuwa hai, tena mwenye uwezo, hivyo nafasi pekee iliyobaki ilikuwa ile ambayo Blanche hakuweza kuifikia. Ilipatikana Damietta, Misri, mwaka 1250, katika Vita vya Msalaba. Mfalme alikuwa ametekwa, Marguerite alikuwa amejifungua mtoto, na Wapisa na Wagenoa, watu wa miji ya Italia, waliokuwa wakilinda mji walitaka kupanda meli waondoke. Aliwaita kitandani kwake, akawasihi, kisha akaamuru kinunuliwe chakula chote kilichokuwa mjini ili wabaki kwa gharama ya mfalme. Joinville anataja livre 360,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule. Damietta ilikuwa ndiyo bei ya uhai wa mfalme, kwa kuwa ilirudishwa kwa Wamisri ili aachiliwe. Mji ungeachwa mtupu kabla ya hapo, Louis angebaki bila cha kutoa.

Blanche alifariki mwezi Novemba 1252 akiwa bado ndiye mwangalizi wa Ufaransa. Marguerite alijifunza kutoka kwake zaidi ya vile angependa kukiri, kwa sababu mwaka 1263 ilijulikana kwamba alikuwa amemwapisha mwanawe Philippe abaki chini ya uangalizi wake hadi afikishe miaka 30. Louis alimwomba Papa Urban IV amfungue kijana na kiapo hicho, naye akamfungua. Aliyelelewa na mama mtawala hakutaka mwanawe apitie hayohayo, au pengine alijua jinsi mwaliko wa mama mwenye kauli unavyokuwa mgumu kukataa.

Mchangiaji wa tatu

Nadhani mimi ndiye niliyengojewa. Sababu ya ibada kuzuiwa mwaka 1200 ni Ingeborg wa Denmark. Philippe II alimwoa Amiens tarehe 14 Agosti 1193, na alikuja na marki 10,000 za fedha. Kesho yake, katika ibada ya kumtawaza, mfalme alimkataa, na hakuna aliyewahi kuijua sababu kwa hakika. Miezi mitatu baadaye maaskofu wa Ufaransa wakakutana Compiègne na kutoa tamko lilelile la undugu. Binti huyo wa miaka kama 18 hakujua Kifaransa. Alipotafsiriwa hukumu alipaza sauti kwa maneno machache ya Kilatini aliyoweza, akiishutumu Ufaransa na kutaja Roma mara mbili. Maana yake ilikuwa rufaa. Mleta mada, huyu hakuwa na nchi, hakuwa na mtoto, hakuwa na hata lugha. Hoja yako inasimama vipi mbele yake?

Mleta mada

Ndugu, kwa siku nyingi nilikuwa nikimfikiria Ingeborg kama mtu anayeivunja hoja yangu. Ndoa yake ilikwisha siku moja baada ya kuanza, na mkononi hakuwa na kitu. Lakini alikuwa ameshatiwa mafuta. Kiapo kilikuwa kimetamkwa mbele ya watu, na mtu pekee aliyeweza kukubali kwamba hakikutamkwa ni yeye. Walimtaka arudi Denmark au aingie utawani. Alikataa yote mawili. Papa Celestine III aliitangua hukumu ya Compiègne mwaka 1195, Philippe akapuuza na kumwoa Agnes wa Merania mwaka 1196, na Ingeborg akahamishwa kutoka ngome hadi ngome na kutoka nyumba ya watawa hadi nyingine, akiandikia Roma kuhusu chakula kibaya, baridi na kukosa mtu wa kumuungamisha. Innocent III alifunga makanisa ya nchi mwezi Januari 1200, na mfalme akalazimika kuahidi kumrudisha. Hakumrudisha kwa kweli hata Agnes alipofariki mwaka 1201. Watoto wa Agnes walihalalishwa na Papa kwa hati, na mmoja wao, Philippe Hurepel, ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa wapinzani wa Blanche.

Ilichukua miaka 20. Mwaka 1213 Philippe alikuwa akijiandaa kuivamia Uingereza na alihitaji urafiki wa Papa na wa Denmark, na ghafla malkia aliyefungwa akawa na thamani. Alirudishiwa hadhi yake. Katika miaka yote hiyo hakuna mwanamke mwingine aliyeweza kuwa malkia halali wa Ufaransa, kwa sababu mmoja alikuwa ndani ya ngome ya Étampes akisema hapana. Siwezi kuiita hiyo nguvu kwa maana ileile ya Eleanor au Blanche, na bei aliyolipa inanihuzunisha kila ninaporudi kuisoma. Lakini mfalme aliyeishinda Uingereza na kuichukua Normandia alishindwa kupata kutoka kwake neno moja la kukubali.

Philippe alifariki mwaka 1223. Ingeborg aliishi zaidi ya miaka kumi baada yake kama malkia mjane, akiwa na fungu lake la ujane, akitambuliwa na Louis VIII na baadaye na Blanche. Zaburi yake, kitabu kilichopambwa kwa picha za dhahabu, imehifadhiwa hadi leo huko Chantilly. Katika kalenda yake zimeandikwa siku za kufariki kwa baba yake Valdemar na mama yake Sophia, na pia tarehe 27 Julai 1214, siku ambayo mume wake alishinda vita vya Bouvines.